Masale Kuzunguka Maji

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ungeitikia ukiwa bado umeinamia kitambaa, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nimekula, Mama. Nimekula ndizi na nyama, na mbege nimekunywa mpaka Baba Mdogo akaninyang'anya kata. Leo siogopi kukwambia hata hilo, kwa sababu nina habari. Kitambaa chenu kimetundikwa. Kimetundikwa mjini Moshi, katika ukumbi wa maonyesho, kimefunika ukuta mzima, mbele ya Mangi wetu na Bwana Shauri wa wilaya na watu wote waliokuja kutazama kahawa na ng'ombe. Na maji yanashuka. Kutoka kipande chako kule juu msituni hadi Kahe, hayakatiki mahali popote.

Nakuandikia hapa ofisini, wenzangu wametoka kwenda kula. Unajua nilivyo. Nimefunga mlango, nikaufungua nikahakikisha hakuna mtu, nikaufunga tena. Halafu nikacheka peke yangu. Baada ya yaliyotokea ukumbini, nafunga mlango kwa ajili ya nini?

Acha nikueleze kwa utaratibu, maana uliondoka katikati ya kazi.

Nakumbuka Alhamisi ile mlipokusanyika mara ya kwanza katika darasa la parokia alilowapa Sista, mkaanza kubishana mshone nini. Mama Anisia, jirani yetu, alitaka Bikira Maria. Bi Mwanaidi, aliyekuwa akipanda na lori kutoka mjini kuwafundisha kutarizi, alitaka maua, kwa sababu maua ndiyo anayoyashona kwenye foronya zake na watu huyapenda. Wewe ukasema, "Tushone kile tunachokibeba kichwani kila siku." Basi yakawa maji. Mfongo wetu, mfereji ule waliouchimba mababu, tangu unapoachana na mto msituni, ukapita migombani kihamba hadi kihamba, ukarudi mtoni, mto ukashuka hadi Kahe. Kila mwanamke ashone maji yanavyopita kwake, kwa vipande vya kaniki juu ya marekani.

Na mlivyokosea mara ya kwanza! Kila mtu alishona kwake nyumbani. Mlipotandaza vipande sakafuni, maji ya huyu yalitokea kushoto, ya mwenzake yaliingilia kulia, na yale ya Mama Sefu wa Kahe yalikuwa mapana kuliko yote. Mama Anisia akapiga makofi: "Jamani! Kahe mnatuibia maji hata kitambaani!" Mama Sefu naye hakukubali. "Nyie wa juu mkifunga, sisi tunywe vumbi? Nimeyashona mengi ili angalau hapa niyaone." Mlicheka mpaka Sista akaja mlangoni. Wewe ndiye uliyetengeneza. Ukawapanga mkae kama mfongo unavyopita, jirani kando ya jirani, na mtu asifunge ukingo wa kipande chake mpaka mwenzake wa chini auone.

Wewe ukachukua kipande cha juu kabisa, cha banio. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Mfongo ni kazi ya wanaume, na banioni mwanamke hafiki. Ndivyo wazee walivyoweka. Maji yale umeyanywa maisha yako yote, na mahali yanapoachana na mto hukuwahi kupaona. Nilipokuuliza utashonaje, ukasema, "Nitashona ninavyopaota." Ukashona mwamba mkubwa, na maji yakiruka kutoka humo kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Nikasema, "Mama, Mzee Kirita akisikia?" Mzee Kirita ndiye mkuu wa mfongo, na mtu akimkorofisha hulipa mbuzi na mtungi wa mbege, hata kama ni mwalimu. Ukakata uzi kwa meno. "Ndiyo maana nataka masale," ukasema, "pande zote nne." Mama Anisia akalalamika kwamba majani yote hayo ni kazi ya bure, ng'ombe haingii kitambaani, ua wa nini? Ukawaambia washone tu. Mimi nilidhani unataka kitambaa kifanane na kihamba, maana kila kihamba chetu kimezungushiwa masale.

Kisha masika yakaja na kifua chako. Sitaandika juu ya wiki ile. Nilikuwepo, nawe ulikuwepo, tunaijua.

Baada ya matanga walikuja wenzako wote nyumbani, pamoja na Bi Mwanaidi. Nilidhani wamekuja kunipa pole. Mama Anisia akaweka kipande chako mapajani pangu, sindano ikiwa bado imechomekwa mahali ulipoishia. Akasema, "Gaspari, nyumba isiyotoa mtu kwenda kufukua mfongo, zamu yake ya maji hukatwa. Na kitambaa hiki ni mfongo. Nani anatoka nyumba hii?" Nikatazama huku na huku. Dada sina. Baba alitangulia. Nikasema mimi ni karani, sijui kushona, tena ni mwanamume. Bi Mwanaidi akanitazama kwa miwani yake na kusema, "Mwanangu, kofia aliyovaa marehemu mume wangu kila Ijumaa aliitarizi mwenyewe, na mikono haikumkatika." Kipande chako kingepewa mtu mwingine, Mama. Mahali pako juu kabisa pangekuwa pa nyumba nyingine. Nikaikubali sindano.

Utacheka. Kila Alhamisi nilivua koti la ofisi nikakaa mwisho wa benchi, mahali pako, huku Mama Anisia akikagua mishono yangu na kusema inafanana na njia ya siafu. Habari zikafika ofisini. "Karani, leo unashona gauni la nani?" Wakaniita Mama Gaspari. Nikawa napita nyuma ya maduka nikienda kazini ili nisikutane nao njiani.

Jambo moja lilinisumbua kuliko hayo. Mwanamume anaruhusiwa kwenda banioni, nami nilikuwa sijafika tangu utoto. Ningemaliziaje kipande bila kupaona? Nikamwomba Baba Mdogo tupande. Msitu ulikuwa na baridi na nilishtuka kila nyani alipolia. Tulipofika, Mama, sikuamini. Hakuna mwamba. Hakuna maji yanayoruka. Kuna mto, kuna mawe yaliyopangwa, kuna mashina ya migomba yaliyolazwa na udongo wenye nyasi kuziba mianya, basi. Mtu angeweza kulivuruga banio lote kwa miguu. Maji yanajitenga polepole, karibu bila sauti, yanaingia mfongoni na kuanza safari ya kuja kwetu. Nilikaa nikayatazama hadi Baba Mdogo akauliza kama naumwa.

Niliporudi nilishika mkasi. Wewe unanijua, napenda kitu kiwe sahihi. Nilitaka kufumua mwamba wako nishone banio lilivyo. Bi Mwanaidi akaufunika mkono wangu kwa mkono wake. "Usifumue mkono wa mama yako. Nafasi iko chini yake. Shuka hapo." Basi nikashuka. Chini ya mwamba wako nikashona mto, mawe, migomba na nyasi, na kutoka hapo maji yakaingia kwa Mama Anisia. Ukingo ulikutana na ukingo wake. Alipitisha kidole tu, kutoka kwako hadi kwake.

Sista alipotuletea habari kwamba kitambaa kimekubaliwa maonyeshoni, na mtu wa kukielezea kwa Kiswahili na Kiingereza awe mimi, usingizi ulinitoka. Karani mkuu akaniita mezani kwake. "Nasikia mmeshona banio. Mzee Kirita atakuwepo. Ukiniletea fujo ya wazee mbele ya Bwana Shauri, meza yako usiirudie." Mama, meza hii ndiyo uliyouzia ndizi sokoni ukinisomesha niifikie. Nilifikiria kusema naumwa. Nilifikiria kukunja ile sehemu ya juu, kipande chako kifichike. Asubuhi ya maonyesho nilisimama nyuma ya kitambaa na pini mkononi. Kisha nikakumbuka kidole cha Mama Anisia. Ukikunja pale, maji yanatoka wapi? Nikairudisha pini kwenye kopo.

Wakaingia. Mangi, Bwana Shauri na mkewe, karani mkuu nyuma yao, na wazee. Nikaanza kueleza kutoka Kahe, nikipanda polepole, ili nichelewe kufika juu. Mzee Kirita hakunisubiri. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, akanyoosha fimbo yake juu. "Hili ni banio. Nani amewapeleka wanawake banioni?"

Nikaona uso wa karani mkuu. Nikaona mlango pia, sitakuficha. Nikasema, "Hakuna mwanamke aliyefika, mzee. Nilikwenda mimi. Na hapo nimeshona mimi."

Watu wakacheka, wengine wa ofisini kwetu. Mzee hakucheka. Alisogea hadi pua ikakaribia kitambaa, akafuata kwa fimbo ukingo wa chini, ukingo wa kushoto, wa juu, wa kulia. Taratibu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu bei ya mbuzi. Akageuka akawatazama kina mama waliojibanza karibu na mlango. "Mmenizungushia masale pande zote," akasema. "Sasa nikasirike nikipitia wapi?"

Mama! Mtu akikuletea jani la sale, hata kama amekukosea vibaya, huwezi kumfukuza; unakaa naye mnaongea. Kila mtoto wa mlimani analijua hilo, nami na elimu yangu yote niliona ua. Wewe uliomba radhi kabla ya kazi kuisha. Uliomba kwa ajili yao wote, kwa majani yale waliyolalamikia. Mama Anisia alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Sanya Juu.

Lakini Mzee Kirita hakuwa amemaliza. Aliniashiria nisogee. "Wewe, kijana. Hii migomba umeilaza vibaya. Mto utaibeba yote kabla ya jioni. Irekebishe, Bwana Shauri asije akadhani hatujui kuzuia maji." Nikasema nitairekebisha baada ya maonyesho. "Sasa," akasema. Bi Mwanaidi alikuwa ameshachomoa sindano kwenye mtandio wake. Nikapanda juu ya kiti, nimevaa koti na tai, mbele ya Mangi, mbele ya Bwana Shauri, mbele ya karani mkuu na wale wote walioniita Mama Gaspari, nikashona. Mzee alisimama chini yangu akinielekeza kwa fimbo, hapana, hapo, laza kichwa kwenye ukingo, ndiyo. Mkono wangu, Mama, ulikuwa umetulia kama wako. Nilipokata uzi kwa meno, hakuna aliyecheka, ila mke wa Bwana Shauri alipiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata.

Kisha mzee akaulizia mwamba wako. "Na haya yanayoruka? Haya siyajui." Nikamwambia, "Hayo ni ya mama yangu. Hakuwahi kufika. Alishona alivyopaota." Akanipa ujumbe nikufikishie, na ndio ulionifanya nichukue karatasi leo. Alisema, "Mwambie mama yako, kama banio letu lingekuwa kama lake, tusingegombana kiangazi."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza.

Tena sikiliza. Wiki iliyopita, siku ya kufukua, Mzee Kirita aliwaruhusu kina mama wapande hadi banioni, mradi kila mmoja ashike jani la sale. Walipanda wote, Mama Sefu akipumua kama mzee wa zamani, Bi Mwanaidi ameinua buibui lisiguse tope. Walipoona mawe yale na mashina ya migomba wakatazamana. Mama Anisia akasema, "Ni haka tu?" Wakacheka hadi wakakaa chini. Halafu mmoja mmoja wakainama wakanywa, na walipomaliza wakanisukuma mbele nami ninywe kwa niaba yako.

Yalikuwa baridi, Mama, meno yakaniuma.

Jana karani mkuu aliniletea shati lake lililotoka kifungo, akaliweka mezani akaondoka. Nimelishona.

Kitambaa kitarudi parokiani, na kina mama wameanza kuzungumza juu ya kingine, mara hii moto, jiko la kila nyumba. Nitakaa mwisho wa benchi. Na kila siku ya kufukua mfongo, nyumba yetu itatoa mtu. Nitavua viatu vya ofisi nitaingia majini, na maji yakifika kihambani kwetu nitayaelekeza kwanza kwenye migomba ya kaburini kwako. Zamu yako haitakatwa nikiwa hai.

Sasa nawasikia wenzangu kwenye ngazi. Mlango nimeshaufungua.

Pumzika, Mama. Maji yamefika.

Mwanao,
Gaspari