Chupa ya Rangi ya Asali na Mguu wa Kaka Yangu

Mpendwa Mshauri,

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa muda mrefu, na ambalo naomba msaada wako kwalo, ni hili: mtu anayelijua jambo nusu, akiombwa na ndugu zake alitende kana kwamba analijua lote, kisha akakataa, je, huyo ni mwaminifu au ni mwoga?

Mimi ni mtafiti wa kemia. Kazi yangu ni kutengeneza chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangepangana juu ya unene wa unywele mmoja, na kuzijaribu dhidi ya bakteria wa vidonda, hasa wale sugu waliokwisha kuzizoea dawa za kawaida. Zikiwa ndani ya maji zina rangi ya asali. Ukidondosha tone moja kwenye kisahani kilichojaa bakteria, kesho yake unakuta duara safi mahali pale, kama sakafu iliyofagiliwa, na nakiri kwamba duara hilo nililipiga picha nikawaonyesha watu wa nyumbani tukiwa mezani, kwa furaha tu, bila kufikiri kwamba mwenye shida akiiona picha ataiona dawa.

Kaka yangu mkubwa ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Ana kisukari. Sindano iliyodondoka sakafuni ilimwingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, naye hakuisikia kwa kuwa nyayo zake zilikwisha kufa ganzi, akashinda nayo ndani ya kiatu akikanyaga cherehani hadi alipovua soksi na kuikuta imelowa damu. Kidonda kikaingia usaha, dawa zikabadilishwa, kipimo kikaonyesha bakteria wale wale ninaowafuga mimi maabara, na sasa daktari wa upasuaji ametamka neno "kukata", ambalo hakuna aliyethubutu kulirudia sebuleni. Mke wake ndiye aliyenigeukia kwanza.

"Wifi, ile dawa yako ya kwenye picha iko wapi?"

Nikamwambia si dawa bado, ni jaribio, tumeijaribu kwenye visahani na kwa panya tu.

"Kwa hiyo ninyi kazi yenu ni kutibu visahani?"

Kaka alicheka, akanivuta mkono, maana ana tabia ya kutania pale anapoogopa. "Profesa, sikiliza. Mguu wangu, chupa yako. Tugawane hatari, yaishe."

Mshauri, sikuweza kucheka, kwa sababu nawajua wale panya, ngozi zao ni nzima, damu yao haina sukari, na vidonda vyao tulivikata wenyewe kwa wembe safi, hivyo kupona kwao hakunihakikishii chochote kuhusu mguu wa mtu wa makamo ambao damu yenyewe inaufikia kwa shida. Liko pia jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wifi husafisha kile kidonda kwa maji ya chumvi, nami nilirudi maabara nikachanganya maji ya chumvi kama yale, nikadondoshea chembe zangu, na mbele ya macho yangu ile asali ikageuka kijivu cha majivu, maana chembe zikikutana na chumvi hushikamana mafungu mafungu na nguvu zao hupungua. Jasho lina chumvi, damu ina chumvi. Basi nikasema haifai. Lakini nikiwa njiani kurudi nikaanza kujipinga, kwamba majimaji ya kidonda yana protini, na huenda protini hizo zikazivika chembe zisishikamane, kwa hiyo huenda hitimisho langu ni la haraka, na huenda nalipenda kwa sababu linaniondolea lawama.

Jana nilitoa chupa moja kwenye friji ya maabara bila kumwarifu mkuu wa mradi. Imo mkobani mwangu ninapoandika. Wifi ameniambia nisije bila hiyo chupa, na kwamba yeye hamrudishi tena kliniki ya kufunga vidonda mpaka nifike, kwa sababu huko wanamkwangua tu nyama ya kidonda na kumuumiza. Kaka tangu jana anatetemeka kidogo, anasema ni upepo wa dirishani. Nikiimimina, huenda nikamdhuru kwa mkono wangu. Nisipoimimina, cherehani itanitazama maisha yangu yote. Naomba uniambie nifanye nini.

Dada wa Fundi

*

Dada wa Fundi,

Jibu hili nimekutumia moja kwa moja asubuhi hii hii, kabla ya wasomaji kuliona, kwa sababu kidonda hakisubiri gazeti.

Umeandika aya nzima juu ya rangi ya chupa, na jambo la kutisha kuliko yote umelipitisha katika sentensi mbili mwishoni: mgonjwa wa kisukari mwenye usaha mguuni harudishwi kliniki na anatetemeka. Huo si upepo, mama. Hiyo inaweza kuwa sumu ya kidonda imeingia kwenye damu, na hapo hatuzungumzii mguu tena. Wewe umesoma, macho unayo. Ulikuwa umeyaelekeza mkobani.

Nakuhurumia. Kuombwa muujiza na watu unaowapenda ni adhabu. Lakini hao hawakuota; uliwaonyesha duara safi ukanyamaza juu ya yale usiyoyajua. Wifi yako hana kosa la kutumaini. Anangoja chupa kwa sababu hujawahi kumwambia "hapana" iliyo kamili. Umempa "bado", na "bado" kwa mtu mwenye mgonjwa ni sawa na "kesho".

Kwa hiyo simama sasa hivi. Mpigie simu, umwambie amkimbize kaka yako hospitali, si kliniki, na mkutane hukohuko. Mwambie kwa maneno haya: chupa haipo, na haitakuwapo. Akikutukana, pokea. Chupa irudi kwenye friji leo, na mkuu wa mradi aambiwe na wewe, asiambiwe na mwingine. Ukifika hospitali, tumia elimu yako mahali inapofaa: muulize daktari damu inafikaje mguuni, nyama iliyokufa itaondolewa lini, sukari imesimama wapi, na kama zile bandeji zenye madini ya fedha ambazo zimekwisha kupimwa kwa watu zinaweza kumsaidia. Daktari niliyemuuliza anasema husaidia baadhi ya vidonda, wala hazichukui nafasi ya kukwanguliwa.

Na kaka yako mpe jibu la utani wake. Hatari ya namna hiyo haigawanyiki. Wewe ungebaki na majuto na miguu miwili.

Uliuliza kama wewe ni mwaminifu au mwoga. Nadhani u vyote viwili, na hilo halinisumbui, maana mwoga akinyoosha mkono kupiga simu anatosha. Linalonisumbua ni jingine. Ukifanya yote haya na mguu ukakatwa hata hivyo, utajiuliza kama ile asali ingeuokoa. Sina la kukujibu hapo, wala daktari hana, kwa sababu jaribio hilo halikufanyika, na wewe ndiye unayejua kuliko sisi sote kwamba kitu kisichojaribiwa hakina jibu. Itabidi uishi na nafasi hiyo tupu bila kuijaza.

Lakini hiyo ni ya baadaye. Sasa hivi anatetemeka. Piga simu.