Mbwa Wote Wanakaribishwa

Jumatatu, 1 Septemba

Mashuka ya vyumba vya juu bado mabichi. Ukungu tangu asubuhi. Nimeweka mbabula ya makaa chini ya kamba ili yakauke. Blanketi moja limeungua pembeni. Nimelikunja, upande ulioungua ndani.

Wakati wa chai patron Kasereka, mwenye hoteli, amefika na fundi na kibao kipya. Wamekipigilia kwenye nguzo ya geti. Herufi nyeupe juu ya rangi ya kijani: MBWA WOTE WANAKARIBISHWA. Chini yake fundi amechora mbwa anayefanana na kondoo. Patron amekunja mikono, ametabasamu, ameniuliza kama ninakipenda. Nimesema kinapendeza.

Kisha nimekwenda chooni. Nimefunga mlango, nimekaa huko mpaka fundi alipoondoka.

Geti lile lile.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike mara moja, nisiandike tena.

Mbwa wangu aliitwa Kimya. Mume wangu Paluku alimleta nyumbani akiwa mdogo, ndani ya sweta, kichwa kimetokeza shingoni. Paluku alipokufa nilifunga nyumba, nikahamia hapa hotelini, kwenye kijumba cha nyuma ya jiko wanachompa gérante, msimamizi wa hoteli. Kimya alikuja nami. Alilala kwenye kizingiti changu. Hakuwahi kumbwekea mgeni. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa mweupe, kama aliyekanyaga unga. Sikio la kushoto lilichanika zamani katika ugomvi na halikupona vizuri.

Miaka miwili iliyopita mgeni mmoja, mkubwa wa serikali kutoka Kinshasa, alilalamika kwamba ameona nywele za mbwa kwenye njia ya bustani. Patron akaniambia hoteli si zizi. Nikamwomba siku chache nimtafutie Kimya pa kukaa. Akakubali. Jumapili nikaenda misa. Niliporudi, kizingiti kitupu. Patron akasema mbwa ametoroka.

Nilimtafuta mpaka sokoni. Watu walinicheka, mama mzima anaita mbwa mitaani.

Baadaye sana dereva wa lori la viazi alinisimulia mwenyewe, akidhani najua. Patron alimkabidhi Kimya pale getini, ndani ya gunia, mdomo umefungwa kwa kamba, akamwambia amtupe popote huko mbali. Dereva alimshusha barabarani huko Kayna, mbali kusini. Kisha vita vikafika Kayna.

Sikumwambia patron neno. Nilibaki kazini. Ninashika funguo zote, ninajua kila kitu anachokipenda mtu huyu na kila kitu anachokiogopa. Kwa wageni hunisifu kwamba mimi ni mama mpole. Mpole! Ninangoja tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Sasa najua kibao kimetoka wapi. Kuna madame Solange wa Beni, mume wake ananunua kakao. Hawezi kulala bila mbwa wake. Ana marafiki wa aina yake. Beni kuna joto, wanataka kupanda huku kwetu Butembo kupumzika kwenye baridi, bustani, maua, mikaratusi. Patron anataka waje kila mwezi. Jumamosi ya tarehe 13 watakuja kuonja. Kila mbwa apate blanketi lake, sahani yake, nyama isiyo na mfupa.

Kyakimwa wa jikoni, anayekula maharagwe hapa mwaka mzima, amesema atashona mkia kwenye kitenge chake. Tumecheka mpaka machozi. Yangu yalikuwa ya kweli.

Jioni patron ameniita bureau, ofisini kwake. Amesema watu bado hawajui. "Tangaza, mama. Kila mutu mwenye imbwa ajue."

Nimemwambia, ndiyo patron.

Jumapili, 7 Septemba

Misa. Padri amehubiri juu ya kusamehe. Nimeangalia viatu vyangu. Sikwenda kukomunika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshuka Beni kumpelekea madame Solange mwaliko wa patron. Vumbi, malori, pikipiki zinakata mbele ya gari kama kuku. Joto lilinipiga mara tu niliposhuka, na mimi nimevaa sweta.

Madame si mbaya, na hilo limeniudhi. Amenipa maji baridi. Mbwa wake Bijou ni mdogo, mweupe, ana kitambaa chekundu shingoni, anakaa kwenye kiti. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pili. Tuliangaliana. Alinusa mkono wangu akaulamba. Nimeuvuta haraka. Sikuja kupenda mbwa wa mtu.

Mchana nimekula katika mgahawa wa stendi. Redio inalia, kila mtu anaongea. Kisha zikaanza taarifa za watu na ukumbi wote ukanyamaza. Fulani amefariki Oicha, matanga yako kwa kaka yake. Mbuzi mwenye doa amepotea. Chanjo ya ng'ombe, wenye ng'ombe wafike. Mwanamume mmoja aliacha tonge hewani mpaka tangazo la ng'ombe likaisha. Akainuka, akaondoka, bila shaka anakwenda kwa ng'ombe wake.

Hapo nikaelewa. Huku kwetu redio ikikuita, unakwenda.

Patron alisema nitangaze. Alitaka niwaandikie matajiri kwenye simu zao. Lakini hakusema hivyo. Alisema kila mtu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelala Beni, na asubuhi nimepita redioni kabla ya kurudi Butembo. Maneno yangu mwenyewe, nimeyarekebisha usiku mzima:

Uongozi wa hoteli ya kilimani, Butembo, unawajulisha wote wenye mbwa, wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero yote, kwamba mbwa wote wanakaribishwa Jumamosi hii. Hakuna mbwa atakayerudishwa.

Sentensi ya mwisho ni ya Kimya.

Kijana wa redio ameuliza kama ni chanjo. Nimesema, andika kama ilivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Tangazo limesomwa jana na leo, asubuhi na jioni. Kyakimwa alilisikia akikoroga bugali, akageuka kunitazama. Nikaendelea kuchambua mchele. Ameanza kuimba.

Patron husikiliza habari za Kifaransa tu. Hajui kitu. Amenunua suti mpya.

Ninaogopa kidogo. Pengine hatakuja mtu. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja.

Madame Solange na rafiki zake walikuwa wamekaa bustanini, vitambaa vyeupe mezani, samaki wa kuchoma, mbuzi, patron anazunguka na suti yake akimimina divai mwenyewe. Bijou kwenye kiti. Mbwa watatu wengine wa rafiki zake, wamechanwa nywele kama maharusi.

Wa kwanza getini alikuwa katekista mzee na mbwa anayechechemea. Mlinzi akanitazama. Nikamwonyesha kibao. Akafungua.

Baada yake, kama maji. Akina mama wa sokoni na mbwa wao wenye kamba za migomba. Askari mmoja na mbwa mkubwa anayemvuta yeye. Mtu aliyebeba watoto wa mbwa kwenye beseni, anauza. Kisha likafika lori kutoka upande wa Oicha, likashusha wawindaji na mbwa wao wa msituni, wale wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili wasipotee. Kengele zile zote pamoja, ko-ko-ko-ko, mpaka glasi zikatetemeka. Wengi walidhani ni chanjo. Wakapanga mstari mbele ya patron, wakamwita docteur.

Samaki wa kwanza aliondoka na mbwa wa askari. Nyama ya mbuzi ikafuata. Mbwa wa kengele waliingia chini ya meza na vitambaa vyeupe vikashuka pamoja nao. Rafiki mmoja wa madame alipanda juu ya kiti. Bijou yeye alishuka chake. Alipata mchumba mwekundu wa Oicha nyuma ya maua, na madame mwenyewe ndiye aliyewakuta. Patron alishika fimbo. Katekista akamsomea kibao kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma Injili.

Mimi nilisimama mlangoni na funguo mkononi. Nilifurahi. Siandiki uongo humu. Nilifurahi mpaka tumbo likauma.

Magari ya Beni yaliondoka bila kuaga. Patron alinijia, suti ina mchuzi mpaka kwenye tai.

"Nilikuambia utangaze ku batu ba heshima, hapana ku radio."

Nikamjibu kwa upole wangu ule anaousifu. "Ulisema kila mutu mwenye imbwa, patron. Mi nilifwata tu."

Alitazama kibao, kisha mimi. Nadhani ndipo alipoanza kunifahamu, baada ya miaka yote hii.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna mengine, na mkono umechoka. Kesho.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda misa. Naandika ya jana yaliyobaki.

Watu walipokwisha kuondoka, mwanamke mmoja alibaki ameketi chini ya kibao, mzigo mmoja kando yake, mbwa amelala juu ya miguu yake. Kitambaa kichwani, viatu vya mvua visivyolingana. Nikamwambia imekwisha, mama, hakuna chanjo.

Akasema jina lake Kanyere, amekimbia vita kutoka Kayna. Analala kwa watu hapa Butembo, ndugu wa mbali. Wamemwambia achague, mbwa aondoke au waondoke wote wawili. Kisha akasikia redio.

"Nikasema, kama banapokea imbwa, hawatakosa kupokea na mwenye imbwa."

Alisema bila kejeli. Katika watu wote wa jana, yeye peke yake aliyaamini maneno yangu.

Nilikuwa naona aibu, nikaangalia chini. Ndipo nikaona mguu mweupe. Kisha sikio.

Nilipiga magoti kwenye matope. Nikasema, Kimya. Aliinua kichwa. Alininusa mkono, polepole, mbele na nyuma, kama anasoma kitu cha zamani. Mkia ulipiga chini mara kadhaa. Kisha akarudisha kidevu juu ya mguu wa mama Kanyere na kufumba macho.

Afadhali angeniuma.

Mama Kanyere akasema ni mbwa mwema. "Alishushwa ku camion siku moja, njaa mingi, mdomo na kidonda. Nikamwita Mugeni." Walipokimbia, mumewe alikuwa amekwisha kufa, watoto wametawanyika. Mbwa ndiye aliyemsindikiza njia nzima hadi Lubero, na kutoka Lubero hadi hapa.

Ningeweza kumchukua. Ni mbwa wangu, dereva wa viazi yuko, angeshuhudia. Yule mama angeweza kurudi kwa ndugu zake, wangempokea bila mbwa. Nilifikiri hivyo kabisa, nikiwa bado nimepiga magoti. Nilimwonea wivu mwanamke asiye na kitu.

Patron alikuja na fimbo yake. "Toa hiyo imbwa."

Nikasimama. "Patron, huyu munajuana."

Alitazama. Niliona alipofika kwenye mguu mweupe. Fimbo ilishuka yenyewe. Nikamwambia mama Kanyere, mbele yake, kwa sauti ya kawaida: huyu ndiye aliyemfunga mdomo mbwa wako na kumtia kwenye gunia. Mama Kanyere hakumtukana. Alimtazama tu, mkono juu ya kichwa cha mbwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ili asiisahau. Patron akarudi ndani.

Hiyo ndiyo niliyoingoja miaka miwili. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Nikachukua funguo. Chumba kikubwa cha mbele kilikuwa tayari kwa madame Solange, blanketi, sahani, nyama isiyo na mfupa. Nikawaingiza humo. Mbwa akapanda kitandani. Mama Kanyere akamkemea, nikamwambia mwache, ni kibali cha hoteli.

Leo asubuhi patron amenitaka funguo. Nimempa. Kazi yangu hapo imekwisha. Nikavua kile kibao kwa nyundo ya mlinzi. Hakuna aliyenizuia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimefungua nyumba ya Paluku. Buibui kila kona. Dirisha la nyuma halina kioo, baridi inaingia, nimelipigilia kile kibao, maandishi kwa ndani. Mama Kanyere yuko chumba cha nyuma. Amelima kipande cha uwanja bila kuniomba ruhusa. Anaamka mapema kuliko mimi na anapika sombe, majani ya muhogo, vizuri kuliko mimi. Hilo linaniudhi kidogo.

Kyakimwa alipita jana. Patron anawaambia watu kwamba nilikuwa mchawi. Madame amehamia hoteli nyingine. Nimesikiliza yote, nimemwongezea chai. Sijamsamehe yule mtu, wala sitafanya. Lakini sikuota juu yake usiku huu.

Mbwa analala kwenye mlango wa mama Kanyere. Siku zote hizi nimemwita Kimya. Sikio linacheza, hainuki.

Asubuhi hii mvua nyepesi. Nilikaa kizingitini na mabaki ya bugali kwenye sahani. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, ananiangalia.

Nikamwita Mugeni. Akaja.