Picha Bila Koti

Kericho, 3 Machi 2025

Dada Bilhah,

Habari ya Kapsoit? Goti limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya ofisi hii ya kiwanda inanimaliza.

Nimesikia unaomba kazi ya msimamizi wa kitalu cha miche hapa kwetu. Simjui anayelea miche ya chai kama wewe. Lakini tafadhali, usiweke picha kwenye CV. Notisi ya kazi haikuiomba, ila meneja, Bwana Chege, huchagua kwa sura. Naogopa lile kovu la moto shavuni litakuangusha kabla hajasoma neno. Usiseme nimekuambia, bado niko kwa majaribio.

Mdogo wako,
Nyabate

Kapsoit, 6 Machi

Nyabate wangu,

Sisi tuko salama, goti linanisumbua nikipanda mlima tu. Unakula, ama ni chai na mandazi?

Umechelewa, picha nimeshatuma. Kila mtu anaweka. Nikikosa watasema nina la kuficha. Mpiga picha alitaka kunivisha lile koti la bluu la studio ambalo waombaji wote hapa huvaa, la kubanwa na pini mgongoni. Halafu akaniambia: "Mathe, hiyo kovu naitoa na kompyuta." Nikamwambia, "Nikiajiriwa na uso wa kompyuta, Jumatatu nitaenda kazini na upi?" Alicheka mpaka akaketi. Nilipigwa picha nikiwa na sweta yangu. Wacha kuogopa.

Dada yako,
Bilhah

Kericho, 14 Machi

Dada,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi usingizi umenihama tangu jana.

Bwana Chege aliniita nimsaidie kuchagua, akatandaza CV zenye picha mezani. Yako akaisukuma kando. "Huyu na sweta? Ona hawa walivyojipanga." Nilikuwaza ukimjibu yule mpiga picha. Nikasema, "Bwana, hawa wamevaa koti moja. Ni la studio."

Akainama. Kifungo kilekile kilichovunjika, picha baada ya picha.

"Umejuaje?"

"Dada yangu alilikataa. Ndiye huyo umemsukuma."

Nikajua nimefutwa kazi. Kumbe aliniondoa tu kwenye uchaguzi, kwa sababu ya undugu, na ni haki. Akabandua picha zote, akampa Mama Chepngeno wa kitalu asome maandishi tu.

Umeitwa mahojiano, Alhamisi saa tatu. Mko watano, sijui kama utapata. Mimi nitakuwa mapokezi, nikiita majina. Lako nitaliita "dada yangu Bilhah", hata mlango wa Bwana Chege ukiwa wazi.

Mdogo wako,
Nyabate