Baruti Isiyo na Moshi

Jumanne, 28 Aprili 1992

Nimebandika maji ya bunduki kabla ya maji ya chai, kama kawaida. Gobori la Baba Shani likirudi kutoka bondeni linaoshwa kwanza, binadamu baadaye. Maji ya moto mtutuni, mdeki, ule ufito wa kushindilia, wenye kitambaa, maji tena, mafuta ya nazi. Miaka ishirini ya ndoa. Nimekiosha chuma hiki mara nyingi kuliko nilivyomwosha Shani, na Shani mwenyewe sasa kaolewa Ikwiriri.

Leo maji yametoka karibu safi. Zamani yalitoka meusi, yananuka yai viza, na kanga yangu inanuka pamoja nayo. Sikulalamika. Ni faida ya baruti mpya. Aliileta kutoka Kibiti mwezi wa Ramadhani, kopo zima, na goroli za chuma za magari. Siku hizi kila kitu ruksa, ukiwa na pesa hata baruti ya kiwandani utaipata uvunguni mwa duka. Aliionyesha barazani msikitini. Akasema mbele ya wanaume wote kwamba baruti ya Mzee Ngwele, ya kutwanga kinuni, imepitwa na wakati. Hii haina moshi, nguruwe anakufa bila kujua kifo kimetokea wapi. Wakaishika, wakainusa, wakamsifu.

Ila jana gobori halikulia. Lilikohoa. Goroli ikaanguka hatua chache mbele, nguruwe akainua kichwa, akaendelea na mpunga. Baba Shani kanisimulia bila tabasamu. Mimi nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Alhamisi, 30 Aprili

Limekohoa tena. Safari hii kiboko, shambani kwa Bi Mwanaidi, mjane. Robo ya mpunga wake imelala chini. Baba Shani alishuka dunguni, jukwaa lake la kulindia mpunga, akakimbia mpaka akaacha kandambili moja.

Bonde zima linamtegemea yeye. Ndiye mwenye bunduki ya leseni peke yake kijijini, na wakati wa mavuno kila nyumba inatuletea kikapu cha mpunga. Kishamba chetu wenyewe hakitufikishi popote. Gobori lisipolia hatuli.

Jioni kaja wifi Tatu, dada mkubwa wa Baba Shani, kutupa pole. Pole ilikuwa fupi, macho ndiyo yalikuwa marefu. Akaangalia kitanda. Akaangalia baiskeli. Akauliza mnyororo ule nani kautengeneza. Nikamwambia Athumani fundi, hapa uani, mchana kweupe, na yeye wifi mwenyewe alipita akatusalimu.

"Ndiyo, nilipita," akasema.

Sikuipenda hiyo ndiyo.

Ijumaa, 1 Mei

Kisimani wanawake wamenyamaza nilipofika. Mmoja akasogeza ndoo yake kama vile nina upele.

Hakuna haja ya mtu kusema. Miiko naijua tangu nimeolewa. Mume akiwa dunguni na bunduki, mke analala peke yake, hagombani na mtu, hatoi moto nyumbani kwake. Akitoka nje ya ndoa, bunduki inakataa. Na hesabu yao ni rahisi. Baruti ya mzee inaweza kukosea, imetwangwa na mkono wa mtu. Ya kiwandani haikosei. Basi nimebaki mimi.

Baada ya swala Baba Shani akaniuliza, tena kwa upole, na upole ndio ulionichoma. "Mama Shani, kama kuna neno, niambie mimi kabla watu hawajaniambia." Nikamwambia hakuna neno. Akasema haya. Kisha akatandika mkeka wake ukumbini.

Nina hasira mpaka herufi zinapinda. Nilikuwa mwalimu wa kisomo hapa. Nusu ya wale wanawake wa kisimani mimi ndiye niliyewashika mkono kuandika majina yao.

Jumapili, 3 Mei

Na mimi nimeanza kushuku. Nashuku kopo.

Nimelifungua alipotoka. Vipande vidogo bapa, vya kijivu, vinang'aa kidogo, kama majani ya chai yaliyokatwakatwa. Ya Ngwele ni nyeusi, inachafua vidole. Nikaweka chembe kidogo kwenye kigae, nikaiwasha kwa mbali na njiti ya ukuti. Ikaungua taratibu, moto wa njano, ikaisha. Ya Ngwele niliwahi kuiona siku ilipoangukia jikoni kwa bahati mbaya. Iliondoka yote mara moja, jiko zima likawa jeupe, tukakohoa hadi adhuhuri. Vitu viwili tofauti kabisa, na vyote vinaitwa baruti.

Au ndiyo mambo ya kisasa yalivyo, sijui. Ninachokijua ni kwamba sijatoka nje ya nyumba hii.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Ngwele. Nimehakikisha mkewe yupo, tumekaa watatu, mlango wazi. Nimejifunza.

Simwamini. Mroho wa ugoro na wa maneno, na Baba Shani alimwaibisha barazani, kwa hiyo lazima aiponde baruti ya mwenzake. Hata hivyo nikafungua kifundo cha kanga nikamwonyesha chembe nilizozichota koponi. Akanusa, akatema mate pembeni. Kasema inatoka kwenye risasi za bunduki za kisasa, watu wa mjini wanazipasua na kuuza kilichomo tumboni. Haikutengenezwa kwa gobori. Ukiishindilia kivivu inakohoa. Ukiongeza kipimo ukaishindilia kwa nguvu, inapasua mtutu. Goroli zile za chuma ndiyo mbaya zaidi, zinakwama. Goroli zake yeye ni za madini ya risasi, laini, zinapita.

"Hiyo haina adabu, mwanangu. Leo imelala. Siku ikiamka, inaamka na mkono wa mtu."

Labda anatafuta wateja wake warudi. Nimechukua kwake baruti ya kujaza pembe mbili, zile za kubebea baruti, nimerudi nayo chini ya matembele. Kaapa Baba Shani hamuuzii tena, mimi ataniuzia.

Jumatano, 6 Mei

Nimebadilisha. Baba Shani alipokwenda kuoga nimeimwaga ya kiwandani iliyokuwa kwenye pembe yake, nikajaza ya Ngwele. Kopo sikuligusa. Kule dunguni anashindilia gizani, hataona.

Sikumwambia. Nataka gobori liseme kwanza. Likilia, hakuna tena cha kuongea, watajua ilikuwa baruti.

Ijumaa, 8 Mei

Limelia. Limelia mara mbili, tumelisikia mpaka huku, na mabati ya shule yakaitikia. Nguruwe wawili chini. Nilikaa kitandani nikacheka mpaka nikalia.

Asubuhi karudi na masizi usoni mpaka kwenye nyusi. Watu nyuma yake. Wifi Tatu na kuku mkononi. Nikajua sasa anasema. Mtu aliyepiga gobori tangu ujana wake, moshi ule ulimfunika, ulimwingia puani, nguo zake zinanuka yai viza. Hawezi kukosa kujua.

Kasimama katikati ya uwanja. Kasema, wote wanasikia: "Mke wangu nimemsamehe. Yamekwisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wifi akanipa kuku, akanikumbatia, akaniambia kila binadamu anateleza.

Nimeosha bunduki. Maji meusi. Nimechinjiwa kuku, nimempika, nimepakua. Sikuonja hata mchuzi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimemuuliza swali moja, sahani iko mbele yake. Moshi ulikuwa wa rangi gani?

Akatafuna. Akasema, "Mweupe." Akaomba chumvi.

Kwa hiyo alijua. Na zaidi ya hapo. Alianza kuishuku ile baruti siku ya kiboko, kanieleza mwenyewe, sauti ya chini, kama tunapanga bei ya kitu. Wanaume wote wale aliwaambia hii ndiyo baruti. Leo arudi kwa Ngwele kichwa chini? Wakimcheka yeye wanaicheka bunduki, na bunduki ikichekwa, vikapu haviji. "Maneno ya kisimani ni ya mwezi mmoja tu, Mama Shani. Watu watasahau." Kwa hesabu yake jina langu lilikuwa rahisi zaidi.

Namchukia. Naandika ili nilione neno lenyewe. Namchukia.

Nimemwambia aende barazani akaseme kwa mdomo uleule. Baruti ilikuwa mbaya, mke wangu hana kosa. Mpaka hapo, ya Ngwele inakaa kwangu, na ile iliyobaki kwenye pembe yake nimeitoa. Kanawa mkono, katoka.

Jumanne, 12 Mei

Hajasema. Viboko wanapanda kila jioni. Anapiga debe juu ya dungu kama watoto wanaofukuza ndege, wakati gobori liko begani. Watu wanamuuliza mbona halii. Wifi Tatu ameanza tena kunihesabia hatua.

Nimempa onyo la Ngwele. Asiongeze kipimo kwenye ile ya kopo, asishindilie kwa nguvu, mtutu utapasuka. Nimemwambia leo asubuhi na nimerudia adhuhuri, ili asije akasema hakusikia. Akasema Ngwele ni mfanyabiashara. Nikamwambia hata mimi namshuku Ngwele, lakini mkono ni wako.

Ananishuku, nadhani. Anafikiri nataka kumtia hofu tu ili nishinde. Sijui kama amekosea kabisa.

Alhamisi, 14 Mei

Asubuhi. Bi Mwanaidi kapita hapa kuomba mchicha. Hakusema neno juu ya shamba lake. Hajawahi kunisengenya hata siku moja. Kilichobaki cha mpunga wake hakifiki viroba viwili na viboko wanakula upande wa mashariki.

Nimeshindwa. Jioni nitampelekea Baba Shani baruti dunguni. Mambo ya jina langu nitayatafutia njia nyingine.

Ijumaa, 15 Mei

Ndani ya lori la mbao, kuelekea hospitali ya Mchukwi. Naandika gari likisimama.

Nilikuwa nusu ya njia jana, pembe imefungwa kiunoni, jua halijazama. Nikasikia. Mlio ule haukuwa wa gobori. Mfupi, mkavu. Nikatazama dunguni kwake, hakukuwa na moshi hata kidogo. Nikaanza kukimbia.

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimekatika. Sikio la kushoto halisikii. Uso umechanika, jicho limepona. Mtutu umefunguka kama ganda la ndizi. Kopo lilikuwa pembeni yake, na kipimo kilichokuwa juu ya ubao kilikuwa cha kuulia tembo.

Alinisikia. Nilimwambia mara mbili na alinisikia, na bado ameona heri hivi kuliko kwenda barazani.

Wifi Tatu yuko nami humu garini. Kashika kichwa cha mdogo wake. Mimi nimeshika miguu. Tangu jana hajanisemesha, na hakuna asiyejua anachofikiri. Bunduki kukohoa ni dalili. Bunduki kupasuka ni hukumu.

Jumapili, 17 Mei

Mchukwi. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Kulia kwake mzee mwenye mguu uliovunjika anayesali kwa vidole, hana tasbihi. Jana walimsafisha kidonda, homa ikapanda. Leo imeshuka. Amekunywa uji.

Mchana wamefika watu wa kijijini, wanaume watatu, wamepanda lori moja na mkaa. Wamemletea machungwa. Wakamsalimu yeye, wakamsalimu wifi Tatu, wakamsalimu hata mzee wa mguu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika kikombe.

Baba Shani aliwatazama, kisha kasema. Sikumwomba, sikuwa nimemkumbusha. Kasema kwa sauti kavu, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba mkewe hana kosa. Ni baruti. Alijua tangu siku ya kiboko. Nguruwe wale wawili waliuawa na baruti ya Ngwele, mkewe ndiye aliyeiweka, na yeye moshi aliuona akanyamaza.

Nilisikia maji ya bomba uani.

Mkubwa wao akamgusa Baba Shani mguu juu ya shuka. "Pumzika, Bakari. Tumekuelewa. Mwanamume ni kusitiri."

Wifi Tatu akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Mdogo wangu ana moyo. Hata katika hali hii anamfichia."

Baba Shani akarudia. Akasema si kusitiri, ni kweli, waende wakamuulize Ngwele. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Akapandisha sauti mpaka nesi akaja kumwambia asijichoshe. Wakamwombea dua fupi, wakaaga. Wifi akawasindikiza. Kesho kijijini watajua jinsi Bakari alivyomstahi mkewe hata akiwa kitandani, na watamsifu.

Tukabaki wawili. Alinitazama, nikamtazama. Machozi yakamtoka, yakaingia kwenye bendeji, akashindwa kuyafuta kwa sababu mkono ulio mzima una dripu.

Chuki ya juzi niliitafuta, sikuiona vizuri, wala sikuona kitu kingine mahali pake. Nikamfuta uso. Nikachukua chungwa moja, nikalimenya. Nimemlisha kipande kimoja kimoja, mbegu nazitoa kwanza.