Mume Wangu Anamwoza Mwanetu ili Apate Mpishi Italia

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba msaada wako upesi, maana nyumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu hapakaliki tena, na mimi nimechoka kupatanisha watu wasiotaka kusikia.

Mwanetu Hashil yuko Italia, mji wa Perugia, serikali imempeleka kusomea mifugo, na mwanzoni alikaa bweni la wanafunzi akila bwaloni, lakini karibu kila chakula kilikuwa na nguruwe, kama si nyama basi mafuta yake, mtoto akawa anashindia mkate na mayai mpaka akakonda, ndipo akahama akapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, anayempikia samaki na dengu na tambi katika sufuria aliyomtengea peke yake, nami niliposikia nilimshukuru Mungu, ingawa kusema kweli moyo uliniuma kidogo kwamba kuna mwanamke mwingine anayejua mwanangu anapenda chumvi kiasi gani.

Sasa Wilbert, mtoto wa Mzee Anaeli wa duka la jirani, anayesoma naye huko huko, kaja likizo, akapita dukani kwetu tunapouza kanga kutoa shikamoo, na mume wangu Seifu akamuuliza mbele ya wateja, "Hashil anakula nini huko?" Kijana wa watu akajibu kwa furaha, "Baba, kanenepa! Kapata mama kule, anampikia kila siku." Basi mume wangu akafunga duka papo hapo, akaenda kwa mdogo wake Hamud, na aliporudi akaniambia amekwisha kuposa: Hashil ataozwa Zeina, binti wa Hamud, na Zeina atapelekwa Italia akapike.

Hashil hajaulizwa. Zeina amemaliza kidato cha nne na amechaguliwa chuo cha ualimu, akanijia macho yamevimba, akasema, "Mama mkubwa, watu husema kuoa ni kupata jiko, lakini mimi nimefanywa jiko kweli kweli." Nikamwambia mume wangu chumba cha Hashil kina kitanda kimoja chembamba, wataishije wawili, akanijibu, "Mwanangu hatalishwa na mgeni nikiwa hai." Je, ninyamaze nilinde heshima ya nyumba, au nimtetee binti nionekane nimevunja undugu?

Bi Mauza, Kariakoo

JIBU

Bi Mauza, pole. Lakini nimetafuta katika maelezo yako yote mahali ulipomwambia mumeo "hapana", sijapaona. Umemweleza habari za kitanda! Kwani kingekuwa kipana ungekubali?

Huyo mjane amemwona mtoto wa watu ana njaa, akamtengea sufuria asije akamvunjia dini yake. Wangapi hapa Dar wangemfanyia hivyo mpangaji? Mumeo badala ya kumwombea dua anamwonea wivu. Na wewe pia, usinifiche, umekiri mwenyewe. Wivu huo ndio uliokufunga mdomo.

Na Zeina je? Dini yenu inataka ridhaa yake, na Sheria ya Ndoa ya nchi hii inataka hivyo hivyo. Shule zinalia hazina walimu, nyinyi mnataka kumpeleka mwalimu akakaange samaki ng'ambo kwa mtu ambaye tayari ameshiba! Undugu hauvunjwi na anayesema kweli. Unavunjwa na ndoa ya kulazimisha, siku binti atakaporudi kwa baba yake na sanduku kichwani.

Usianze na mumeo. Kesho asubuhi nenda kwa mama yake Zeina, kisha nendeni wote wawili kwa Hamud, binti aulizwe mbele ya baba yake, na akishajibu pasiwe na mtu wa kumfundisha jibu jingine. Chuoni aende. Yule mjane mchagulie doti ya kanga iliyo nzuri kuliko zote dukani, Wilbert ampelekee, na salamu zako za dada kwa dada.

Halafu umwambie mumeo, kwa adabu lakini bila kunong'ona, kwamba posa imekataliwa. Atafoka. Pengine atasusa chakula. Akisusa, nyinyi kuleni.