Malkia Aliyedanganywa Kila Asubuhi

Jumatatu. Ukungu umekalia mji wetu wa Kikima tangu alfajiri, na mimi nimefagia nyumba mara tatu. Chai imepoa mezani. Nikiketi nitafikiria, kwa hivyo naandika nikiwa nimesimama, simu mkononi.

Nilimfanyia rafiki yangu vibaya.

Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana watatu nyuma ya duka langu la kushona: mimi, Kalondu, na Musyoka, fundi wa pikipiki. Tunacheza ule mchezo wa hadithi. Mimi ndiye msimulizi. Wao ni wasafiri katika nchi ya majitu na wachawi. Wanaamua watafanya nini, halafu dadu inasema kama wamefaulu. Musyoka anapenda vita. Mimi napenda kuwapeleka mahali panga halisaidii, mahali kila njia itamuumiza mtu.

Jana niliwapeleka kwa malkia mzee, mgonjwa. Mwanawe ameuawa vitani, na watumishi wameapa kutomwambia, moyo wake usije ukasimama. Kila asubuhi wanamsomea barua za uongo. Sasa amewashika wasafiri mikono, anauliza: "Nyinyi mmetoka huko. Mlimwona?"

Nilipokuwa nikiiandika hadithi hiyo niliiona tamu sana.

Haikuwa yangu. Kakake Kalondu alifariki mwaka jana huko Uarabuni alikoenda kutafuta kazi, akazikwa huko huko. Mama yao ana shida ya moyo, wajomba wakaamua asiambiwe. Kalondu ndiye humsomea meseji za kaka, anazotunga mwenyewe. Aliniambia mimi peke yangu, tukichambua mbaazi kwake, akilia.

Mimi nikamvisha huyo mama taji, nikabadilisha majina, nikaona nimeficha. Hapa pia nimebadilisha majina, kana kwamba jana hilo lilinisaidia.

Musyoka hakujua lolote. "Si tumdanganye tu, huyu nyanya alale vizuri, sisi twende zetu," alisema akicheka.

Kalondu hakucheka. Aliiangalia dadu hadi nikaanza kuona aibu. Kisha akasema, kwa sauti ya askari, mhusika wake mchezoni: "Malkia, mwanao alikufa. Nimechoka kukuandikia."

Musyoka akapiga makofi. "Wee! Umeweza!" Alidhani ni mchezo bado.

Kalondu akachukua leso yake akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Ungeniuliza," akasema. Akashika njia.

Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumsaidia. Sikutaka. Jumapili ilikuwa imefika, sikuwa na hadithi, na yake ilikuwa tayari.

Leo saa sita amenipigia simu.

"Nimemwambia mwaitu."

Alimwambia mama yake asubuhi, baada ya uji. Mama akasema alikuwa akishuku tangu msimu wa kupanda mahindi. Meseji zilikuwa zikimuuliza kila siku kama amemeza dawa. "Huyo kijana wangu," mama alisema, "hata siku moja hakuwahi kuniuliza habari za dawa." Kisha akauliza nani alikuwepo wakimzika.

Nikamuuliza mama yuko aje.

"Analia. Amekataa chakula. Lakini tunalia pamoja." Akaongeza: "Na usifikirie ni wewe umenisaidia. Sijakusamehe."

Akakata.

Nimezunguka chumba tangu hapo. Nimeshona mkono wa blauzi ya mteja upande usio wake, nikafumua, nikakosea tena. Musyoka ametuma meseji akiuliza tunaendelea lini na malkia. Sijamjibu.

Kesho majirani wataanza kwenda kwao kutoa pole. Nitaenda na mimi, na sukari na majani ya chai, kama wengine. Kalondu akinifungia mlango, ni haki yake, nitarudi nyumbani.

Akinifungulia, hapo ndipo sijui la kufanya. Nitamwangaliaje usoni yule mama?