Toa Kumi

Nyumbani,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa zaidi kuliko ulivyoongea. Sisi kwa mwili hatujambo. Magoti ya mama ni yale yale, leo anatembea, kesho hatembei.

Moyoni hatuko sawa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Haya hayasemeki kwenye simu na baba amekaa karibu.

Ile ekseli ya tela, chuma cha kubeba magurudumu, uliyotutumia baada ya ile ya zamani kupasuka, ilifika salama. Tuliinua tela kwa jeki, tukaisukuma chini yake. Springi hazikukaa mahali pake, na magurudumu yakawa yanasugua bodi. Ni fupi, Kaka. Fupi kwa sentimita kumi kamili.

Baba aliitazama, kisha akasema mbele ya majirani kwamba kosa ni lake, kichwa kimeanza kuvuja. Jirani yetu mchomeaji vyuma akatania kwamba Milimita sasa amekuwa Sentimita, watu wakacheka. Unajua baba amelibeba jina hilo la Milimita miaka thelathini, kwa kupima bila kukosea. Tangu siku hiyo hajafanya kazi. Tena amemwambia huyo huyo mchomeaji aje Jumatatu achukue vifaa vyote, maana mtu asiyeweza kupima hana haja navyo.

Kaka, kosa si lake. Ni langu.

Unaikumbuka tepu yetu ya kupimia, ile uliyoibana na geti ukiwa darasa la tatu ikakatika mwanzoni? Ukichimba sana, kesi hii inaanzia kwako. Tangu hapo tepu inaanzia kwenye kumi, na nyumba nzima tunajua: ukipima, toa kumi. Hata mjomba akitia chumvi kwenye hadithi zake, mama humwambia toa kumi. Basi baba alipima habu hadi habu, pale magurudumu yanapofungwa, akapima na springi hadi springi. Akaandika kwa chaki ubavuni mwa tela, akaniambia nikutumie. Nami, mjuaji, nikatoa kumi kwenye kila kipimo. Sikumuuliza kama ameshatoa. Alikuwa ameshatoa.

Nililijua kosa siku ile ile ekseli ilipofika, chaki ilikuwa mbele ya macho yangu. Lakini baba alitangulia kujilaumu, nami nikamwacha ajilaumu. Nikasema nitamwambia jioni. Leo ni siku ya kumi na mbili. Naona aibu.

Kaka, niliiacha kalamu hapo nikaenda kumwambia. Nilimkuta barazani anafuta spana moja moja kwa kitambaa cha mafuta, anaziandaa kwa ajili ya Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwenye tela, akapiga goti, akasoma chaki yake. Kumbe nilikuwa mzima, alisema. Halafu akaniuliza nilikuwa nangoja nini siku zote hizo. Hajanitazama usoni tangu hapo. Ila alinipa ncha ya tepu nishike, tukapima upya, na mchomeaji ameambiwa asije.

Tafadhali mwombe muuzaji aibadilishe. Habu hadi habu ni sentimita 190. Springi hadi springi ni 140. Naandika huku baba amesimama nyuma yangu. Usitoe kitu.

Mama anakusalimu. Mjomba anakusalimu mara elfu, hizo toa kumi. Mpe wifi pole ya kukuuguza, na watoto uwaambie shangazi yao anawawaza. Mungu akuponye kifua, na amlindie baba yetu moyo wake, maana huo nimeuumiza mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kutoa hata moja,

Mjuaji